Mtu Aliyebaki Duniani Anakunywa Chai Dongobesh

Jumatatu, 2 Julai 1956

Naanza leo kuandika habari zangu. Watu wakubwa wote huandika. Elimu ninayo: darasa la tatu nililimaliza, la nne nililisikiliza dirishani.

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Lori la Mbulu limeshusha sanduku la vitabu, la mbao, lenye kufuli. Limetumwa kutoka Arusha ili watu wa Dongobesh wasome. Limewekwa hapa hotelini kwa mpwa wangu Sauda, kwa kuwa hapa ndipo penye mabenchi. Nikajitangaza kuwa mtunza sanduku. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyekuwa anasikiliza pia.

Jioni Hasani, mume wa Sauda, alisema neno. Alisema nilikuja kuwasalimia siku mbili, na tangu hapo masika mawili yamepita. Hata hivyo sanduku litavuta wateja, kwa hiyo mtunza sanduku ana kazi, na mwenye kazi anaweza kukaa. Lakini Bwana Joakimu, mkaguzi wa masanduku, atapita mwisho wa mwezi. Akikuta vitabu havisomwi, sanduku linahamia Katesh. Na siku sanduku likipanda lori, alisema Hasani, mjomba naye anapanda.

Kwetu ni Kondoa. Mke wangu Shumbana yuko Kondoa. Siendi Kondoa.

Jumatano, 4 Julai

Nimekagua mali yangu. Vitabu vingi ni vya mbolea, vyoo na minyoo. Hivyo havihitaji mshauri. Mtu mwenye minyoo anajijua.

Vya hadithi ni viwili. Kimoja kinaitwa *Nyoka Mwenye Taji la Chumvi*: uchawi, mapango, mfalme, na nyoka anayelinda ziwa la chumvi na kuongea kama hakimu. Sijakisoma. Cha pili ni *Kijiji Kilichobaki*. Hicho ndicho kitabu. Moto unashuka kutoka juu, dunia nzima inakufa, anabaki mtu mmoja, na huyo mtu ndiye anayesimulia. "Niliwazika mke wangu na wanangu watatu kwa mikono yangu hii, kisha nikaondoka." Hayo yako ukurasa wa kwanza. Machozi yalinitoka kidogo. Moshi wa jikoni.

Nimefika nusu. Kwa mtu wa kiwango changu nusu inatosha kushauri wengine.

Nimeanza na Hasani. Nikamwambia kitabu hiki kinamfaa sana mtu aliyechoshwa na majirani. Akasoma akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye mizani. Alipofika pale mtu yule anapoingia katika duka lisilo na mwenyewe na kuchukua sukari, alikifunga. Alisema huo ni wizi, na dunia kuisha si sababu.

Ignasi, karani wa baraza, naye alikuja kuazima. Kijana wa misheni, viatu vinang'aa hata kwenye tope. Shikamoo yake kwangu anaitoa kama mtu anayetema ganda la muwa. Amepata uhamisho wa kwenda Katesh mwisho wa mwezi huu, na anataka sanduku liende naye. Mbele ya wateja wangu alisema msomaji wa kweli husoma *Nyoka*, na kwamba *Kijiji Kilichobaki* ni cha watu wanaosoma kwa kidole.

Mimi nasoma kwa kidole ili niuheshimu mstari.

Jumamosi, 7 Julai

Siku ya mnada. Hoteli imejaa. Gidahosh, mfugaji wa kule Nangwa, mtu mrefu mwenye shuka jeusi, alikaa karibu na moto na wenzake. Hawajui kusoma. Nikaona: mtu akisikiliza ni sawa na kusoma, tena hachakazi kitabu. Nikawasomea.

Walisikiliza vizuri mpaka mtu aliyebaki anapopita na gari barabarani na kukuta ng'ombe wasio na mwenyewe wamesimama kwenye majani. Anawaangalia, anaendelea na safari.

Gidahosh aliinua mkono. Aliuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Nikasema kitabu hakisemi. Aliuliza walikuwa na afya? Nikasema inaelekea. Akawageukia wenzake wakaongea kwa lugha yao, kisha akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayempa pole mgonjwa, kwamba aliyeandika hiki ni mwongo. Hakuna mtu duniani awezaye kupita ng'ombe wasio na mwenyewe akaendelea na safari. Wakaanza kuinuka.

Nikageuza ukurasa upesi, nikasoma kwamba mtu yule alisimamisha gari, akarudi, akawakusanya wote, mia nne, wengi wao wa madoa. Wakakaa tena. Gidahosh akaagiza chai ya pili.

Hayo hayamo kitabuni. Lakini yangefaa yawemo.

Baadaye nyoka alitokea kwenye kuni za Sauda. Hasani akachukua mchi. Gidahosh akamshika mkono, akamwambia: "Shemeji, weka chini mchi huo. Huyu pengine ni mzee wa mtu." Akaomba maziwa, akayamwaga taratibu kando ya kuni, akasubiri mpaka nyoka akaondoka zake. Sauda aliuliza nani atalipia maziwa. Mambo ya kwao: wanaamini wazee wao waliokufa hurudi wakiwa nyoka. Mimi nilikuwa juu ya benchi nikitafuta kitu.

Jumatatu, 9 Julai

Nimewaza. Bwana Joakimu atajuaje vitabu vimesomwa? Atatazama uchakavu. Vitabu vyangu vinang'aa kama viatu vya Ignasi.

Nikachukua samli ya Sauda nikapaka kurasa, hasa pembeni, pale kidole cha msomaji kinaposhika. Kazi ya ufundi. *Kijiji Kilichobaki* nilikipaka zaidi, kiwe na sura ya kitabu kilichopendwa na wengi. Cha mbolea nilikipaka kidogo tu, watu wasije wakatia shaka.

Sauda aliuliza samli imekwenda wapi. Nikamwambia elimu ina gharama.

Jumatano, 11 Julai

Panya.

Wameingia sandukuni kupitia ufa wa nyuma. *Nyoka* wameonja jalada tu. *Kijiji Kilichobaki* wamekila kuanzia nyuma, na mwisho wote wa dunia haupo. Kinaishia pale mtu aliyebaki anapoona moshi mbali na kusema, "Kumbe." Kumbe nini, panya ndio wanaojua.

Nimemweleza Sauda kwamba hii ni dalili ya kitabu kizuri. Amenitazama muda mrefu. Ana macho ya marehemu dada yangu.

Jumamosi, 14 Julai

Leo ilikuwa siku yangu.

Mnada ulijaa, na watu walikuja kwa ajili yangu. Gidahosh amewaleta wengine kutoka Nangwa wasikie habari za ng'ombe wa madoa. Mama Scolastica, mjane wa Kimbulu anayetuletea maziwa, aliketi mlangoni na kibuyu chake. Hata Hasani alisimama karibu, akijifanya kupanga vikombe.

Nikaanza mwanzo, kwenye mazishi. Mama Scolastica akaniuliza, "Baba, huyo mtu alipozika mke na watoto, alikaa kwake muda gani?" Nikamwambia hakukaa hata siku moja, alinawa mikono akaenda kula dukani. Mama Scolastica alisema ee, akavuta kibuyu karibu na miguu yake.

Nikasoma mpaka kwenye moshi. Nikasema, "Kumbe." Nikanyamaza, kwa heshima ya panya.

Hapo Ignasi akasimama. Alisema kwa sauti ya barazani kwamba mwisho wa kitabu umeliwa, kila mtu anaona, na kwamba hata ng'ombe wale hawamo, yeye amekipitia. Akaniuliza mbele ya wateja wote: "Mzee Tawakali, mwisho wa hadithi unaujuaje, na umeliwa?"

Mtu mdogo hapo angechanganyikiwa. Mimi nilikunywa chai kidogo. Nikamwambia naujua kwa sababu nilikuwepo. Huyo mtu aliyebaki ni mimi. Ilikuwa Bama, kule tulikopelekwa kupigana na Wajapani wakati wa vita, mji mzima uliteketea nikabaki peke yangu, na Mzungu mmoja mwenye kalamu alinikuta kando ya mto akaniomba nimsimulie. Mambo mengine aliyaacha, ng'ombe kwa mfano. Wazungu hawajui ng'ombe.

(Bama nilikuwa jikoni. Lakini lilikuwa jiko kubwa.)

Gidahosh aliuliza ng'ombe wale mia nne wako wapi sasa. Nikasema nilirudi nao, nikawagawa njiani, wamechanganyika na wa watu nchi nzima, wengine mpaka huko huko Nangwa.

Kimya kilichofuata nilikipenda sana. Watu waliweka vikombe chini, mmoja baada ya mwingine, bila kumaliza. Mama Scolastica aliondoka na kibuyu kikiwa kimejaa. Gidahosh alitoka mbio kuelekea kwao, hakuaga. Nikadhani ni heshima. Msomaji akiguswa hasa hukosa la kusema.

Jumatatu, 16 Julai

Maziwa hayakuja jana. Leo pia hayakuja. Sauda amepika chai ya rangi. Hakuna wa kuinywa.

Wapita njia wanapita upande wa pili wa barabara. Mwanamke mmoja alimvuta mbuzi wake kwa pembe asije akala majani ya mbele ya hoteli. Nilimwamkia, akajibu akiwa anatazama mlima.

Hasani alikwenda kuuliza. Amerudi na habari, akazieleza akiwa ameegemea mlango, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

Ni metimani. Desturi hii naijua, nimeishi hapa vya kutosha, ila sikuwa nimeihusisha na mimi. Kwa Wambulu, mtu akifiwa na mke au mtoto hujitenga. Anakaa kwake, haingii nyumba ya mtu, hanywi kikombe cha mtu, ng'ombe wake hawachangamani na wa wengine, mpaka wazee wamtoe. Akivunja, msiba unamfuata kila aliyemgusa. Wafugaji wa Hanang, kina Gidahosh, nao wana ya kwao ya namna hiyo. Sasa Dongobesh nzima imesikia kwa masikio yake kwamba mimi nilizika mke na watoto watatu, nikanawa mikono, na tangu hapo nawamiminia watu chai. Na ng'ombe wangu wenye mkosi wako Nangwa. Inasemekana Gidahosh anawapitia wake mmoja mmoja akitafuta wenye madoa ya ugeni.

Nikamwambia Hasani kwamba angalau hakuna asiyekijua kitabu.

Jumanne, 17 Julai

Sauda alinikalisha jikoni. Alisema hoteli ikikaa hivi wiki moja nyingine itafungwa. Benchi alinunua kwa kuuza bangili za mama yake, ambaye ni dada yangu. Hilo alilisema mara moja tu.

Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza, nisimame mnadani niseme nilidanganya: sikuwa peke yangu, sikuzika mtu, nilikuwa naosha masufuria. Ya pili, aandike barua Kondoa, Mama Shumbana aje na watoto, watu wamwone kwa macho kwamba yuko hai na ana nguvu.

Nguvu anazo. Ninakumbuka.

Nikaomba muda. Nikafikiri mpaka ugali ukaiva. Kusimama mbele ya Ignasi na kusema nilidanganya, hapana. Shumbana, hapana. Nikamwambia Sauda iko njia ya tatu: nitakaa metimani. Kama mtu aliyebaki duniani ana deni la kujitenga, basi atalilipa, tena kwa heshima, na mjini watasema yule mzee ana desturi.

Sauda aliniuliza: "Mjomba, yaani utamwombolezea mke aliye hai ili usiseme umeongopa?"

Likisemwa hivyo linasikika vibaya.

Jumatano, 18 Julai

Nimehamia banda la viazi nyuma ya shamba la Hasani. Mama Scolastica alikuja na wazee wawili, wakasimama mbali, wakapanga. Nitakaa mpaka mwezi mwingine uandame. Zamani ilikuwa mwaka, baraza limepunguza. Nikalishukuru baraza kimoyomoyo, isipokuwa karani wake.

Mama Scolastica alisema kila nilichokishika kije nami. Vitabu vyote nimevishika, tena kwa samli. Kwa hiyo nimeliburuta sanduku mwenyewe mpaka bandani, watu wakitazama toka barabarani. Hakuna aliyesaidia. Heshima imezidi.

Sauda anaweka chakula juu ya jiwe kubwa, anarudi nyuma, mimi ndipo naenda kuchukua. Kikombe changu, bakuli langu.

Jumapili, 22 Julai

Nina vitabu vyote na muda wote. Nimelala.

Mchana nilimwona mtu njiani nikamwita kwa mbali, nikamshauri asome *Kijiji Kilichobaki*, hasa sehemu ya katikati. Akakatiza kwenye mahindi ya mtu ili asinipite karibu.

Alhamisi, 26 Julai

Ukungu. Sijaongea na mtu tangu Jumapili, na yule hakujibu.

Nimefungua kitabu mahali ambapo sikuwahi kufika. Mtu aliyebaki anachemsha maji kila asubuhi, anatenga vikombe viwili, anamimina vyote viwili, anakunywa kimoja. Hakuna maelezo. Nilidhani Mzungu kasahau kueleza.

Leo nimemimina viwili. Kikombe cha pili ni kopo la kahawa. Kikapoa. Kutoka hapa unaweza kusikia kelele za hotelini kama upepo ukiwa upande wake, lakini hoteli haina kelele siku hizi.

Kitabu kile ni kirefu kuliko nilivyokiona mwanzo.

Jumatatu, 30 Julai

Bwana Joakimu amefika na lori. Mtu mnene, koti la mvua, haraka. Ignasi alikuwa juu ya lori tayari na vyombo vyake vya uhamisho, na mkewe Juliana amekaa mbele, mzito, mimba ya karibu kuzaa. Nimeona yote kupitia nyufa za banda.

Ignasi alimwambia Bwana Joakimu kwamba sanduku limetupwa kwenye viazi na hakuna anayesoma, afadhali liende Katesh. Bwana Joakimu akaagiza wapakizi walilete. Wapakizi wakaweka mikono kwapani. Mmoja alisema kiuno. Mwingine alisema yeye ni wa magunia tu, masanduku hakuajiriwa. Bwana Joakimu akamgeukia Ignasi: wewe umesoma, kalete.

Ignasi akashuka. Akaja mpaka hatua chache na mlango wangu, viatu vikiwa tope. Nilimsikia akipumua. Nikamwambia kwa utulivu, "Karibu, karani, ingia." Akageuka akamtazama mkewe. Juliana aliweka mkono juu ya tumbo, basi. Ignasi akarudi. Alimwambia Bwana Joakimu kwamba si imani yake, yeye ni Mkristo, ni mgongo tu.

Bwana Joakimu aliuliza kwa ukali kama kweli hapa hakuna anayesoma. Akajibiwa na Mama Scolastica, aliyekuwa anapita. Alisema hakuna mtu Dongobesh asiyejua kitabu kile, kuanzia mtoto mpaka kikongwe, na hata Nangwa watu hawapati usingizi kwa ajili yake. Bwana Joakimu akasema hajapata kuona hivyo mahali popote. Akaandika: sanduku libaki.

Lori likaondoka na Ignasi. Hasani alikuja mpaka kwenye jiwe. Alisema sanduku halikupanda, kwa hiyo na mimi sikupanda, na neno lake ni lile lile. Halafu akaacha sukari juu ya jiwe. Fundo moja kubwa, kwenye karatasi.

Nilijua tangu mwanzo itakuwa hivi. Mpango wote ulikuwa wangu.

Jumatano, 8 Agosti

Mwezi umeandama. Wazee wamenitoa. Wameninyoa kichwa, wamesema maneno yao marefu, watu wameitikia. Nikarudishwa hotelini. Mama Scolastica mwenyewe alinimiminia maziwa kwenye chai, nikanywa wote wakitazama, kisha nao wakanywa. Gidahosh amekuja pia. Amewachunguza ng'ombe wake wote na hajapata wangu. Amenipa mkono.

Kelele ilikuwa nzuri.

Sauda alinivuta kando. Alisema: "Mjomba, kuanzia leo hadithi ni hadithi, na wewe ni wewe. Tumeelewana?" Nikamwambia kabisa. Nikaapa, tena kwa jina la mama yake.

Ijumaa, 10 Agosti

Tatizo la kazi. *Kijiji Kilichobaki* hakiazimwi tena. Watu hawataki hata kukiona. Bwana Joakimu atarudi mwakani. Mtunza sanduku hawezi kukaa bure.

Kwa hiyo nimefungua *Nyoka Mwenye Taji la Chumvi*. Nimesoma kurasa mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Ignasi hakukosea sana, ni kitabu kizuri, na sasa yuko mbali hawezi kunisikia nikisema hivyo. Kasoro ni moja. Nyoka anauawa na mfalme, mtu wa mbali, hakuna anayemjua hapa. Msikilizaji anataka mtu anayemjua, anayeweza kumwona akinywa chai.

Kesho mnada. Gidahosh analeta wazee wote wa ukoo wake kutoka Nangwa, wasikie kitabu kipya. Nimemwekea nafasi mbele kabisa, karibu na moto. Nitaanza taratibu, nitanyamaza kidogo, halafu nitawaambia kwamba nyoka yule nilimuua mimi, kwa mchi wa Hasani, nikampiga kichwani mara nyingi mpaka taji likaanguka.